Kijana Kapooza, Bibi Kakimbia: Historia ya Mshipa wa Shingo

Leo naomba mniruhusu niweke pembeni siasa na bei ya dhahabu, nizungumzie shingo. Ndiyo, shingo hii hii inayobeba kichwa chako. Msinicheke kwanza, nina sababu.

Mwaka 2023 nilikuwa kwenye machimbo ya wachimbaji wadogo upande wa Kahama, nimekwenda kuandika habari ya mgogoro wa maduara. Mgogoro wenyewe ulishaisha na mimi nimeshausahau. Nisichosahau ni habari niliyosimuliwa jioni tukiwa kwa mama ntilie. Kulikuwa na kijana wa miaka 27, mbeba viroba hodari. Mawe yakitolewa duarani anayatupia begani, huyoo mpaka kwenye karasha. Siku moja akaamka na maumivu makali ya shingo upande wa kushoto. Akasema ni kulala vibaya. Akanunua vidonge vya maumivu duka la dawa, wenzake wakamkanda, mmoja wao akamshika kichwa akakizungusha kwa nguvu mpaka shingo ikalia. Wakacheka, wakasema sasa umepona.

Siku ya tano akiwa amekaa anakunywa uji, kikombe kikamponyoka. Mdomo ukaenda upande. Mkono na mguu wa kulia vikalegea, na maneno yakagoma kutoka.

Hebu fikiria wewe ni baba yake. Mtoto ana miaka 27, hana presha, hana kisukari, jana yake tu alikuwa anabeba mawe. Kiharusi si ni ugonjwa wa wazee? Nyumbani wakakubaliana kwamba hii si ya Mungu. Wakaenda kwa mganga, ramli ikapigwa, na ramli ikamwona bibi mmoja wa ukoo, mjane anayeishi peke yake. Bibi akapenyezewa habari, akatoroka usiku huo huo kwenda kwa binti yake wilaya nyingine, akaacha nyumba, kuku na shamba la mpunga. Jamaa aliyenisimulia alimalizia kwa kusema, "Yule bibi ana bahati sana."

Bahati! Kwa mtu asiyeijua Shinyanga neno hilo linaweza kumshangaza. Kwa anayeijua, halimshangazi hata kidogo.

Tukumbushane kidogo. Simeon Mesaki, msomi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliyeyachunguza mauaji ya Usukumani kwa miaka mingi, ameandika kwamba kati ya mwaka 1970 na 1984 yaliripotiwa matukio 3,333 yanayohusiana na imani za uchawi Tanzania Bara. Kati ya hayo, 2,246 yalitokea Usukumani, yaani mikoa ya Mwanza na Shinyanga kama ilivyokuwa wakati huo, kabla Mkoa wa Geita haujazaliwa mwaka 2012. Ni theluthi mbili ya matukio yote. Wengi wa waliouawa nchini katika matukio hayo walikuwa wanawake. Bibi kizee mwenye macho mekundu aliitwa mchawi, kumbe macho yameharibiwa na moshi wa jikoni kwa miaka arobaini ya kupikia wajukuu.

Serikali nayo ilijaribu njia zake. Mwaka 1976 ikaendesha operesheni ya kuwasaka wauaji, watuhumiwa wakateswa na wengine wakafia mikononi mwa vyombo vya dola. Aibu ile ndiyo iliyomfanya Mzee Ali Hassan Mwinyi, wakati huo Waziri wa Mambo ya Ndani, ajiuzulu. Januari 2015, safari hii kwa sababu ya mauaji ya ndugu zetu wenye ualbino, serikali ikatangaza kuwapiga marufuku wapiga ramli chonganishi. Marufuku ni jambo jema. Lakini nauliza: ukimzuia mganga kujibu swali, nani atalijibu? Maana swali la yule baba linabaki pale pale. Kwa nini mtoto wangu?

Nikarudi nyumbani na swali hilo. Nimesoma sana tangu siku ile, nimewasumbua madaktari wawili watatu ninaowafahamu, na kitu kilichonishangaza ni kwamba hata madaktari wa Ulaya na Marekani, pamoja na mashine zao zote, walichukua karne nyingi kupata jibu moja kati ya majibu ya swali hili. Jibu lenyewe lilikuwa shingoni.

Kwanza tuelewane jinsi kitu kinavyofanya kazi. Damu inapanda kwenye ubongo kwa mishipa mikubwa minne, yaani ateri. Miwili inapita mbele ya shingo, kulia na kushoto, inaitwa karotidi. Ukiweka vidole chini ya taya utaisikia inadunda. Miwili mingine inapita nyuma, ndani kabisa, kwenye vitundu vya mifupa ya shingo. Ukuta wa ateri una tabaka tatu. Wachimbaji wanaijua mipira ya pampu ya kuvuta maji duarani, ile minene yenye tabaka. Tabaka la ndani likichanika, maji yanapenya kati ya tabaka na tabaka, mpira unavimba kwa ndani na njia inakuwa nyembamba. Kwenye ateri ni hivyo hivyo. Tabaka la ndani linachanika, damu inaingia ndani ya ukuta wenyewe, njia inabanwa, na pale palipochanika damu inaganda. Kipande cha bonge hilo kikikatika kinasafiri juu mpaka kwenye ubongo na kuziba mshipa mdogo. Hapo ndipo mkono unapolegea na kikombe kinapoanguka.

Kinachoponza watu ni muda. Kati ya mshipa kuchanika na mtu kupooza zinaweza kupita saa chache, siku kadhaa, hata wiki. Katika muda huo mgonjwa anasikia maumivu ya shingo au ya kichwa upande mmoja, maumivu ambayo mara nyingi anasema hajawahi kuyapata maishani. Wengine kope la jicho upande huo linashuka na mboni inakuwa ndogo. Wengine wanasikia sikioni mvumo unaokwenda na mapigo ya moyo. Halafu siku ya siku inafika, na kwa kuwa maumivu yalishapita au yalishazoeleka, hakuna anayeyataja tena.

Sasa historia. Wagiriki wa kale waliona kwamba ukibana mishipa ya shingo mtu analegea na kupoteza fahamu, na jina karotidi lenyewe limetokana na neno lao la hali hiyo. Kwa hiyo tangu zamani watu walijua kwamba shingo na akili vina uhusiano. Lakini mtu akianguka na kupooza, walidhani tatizo liko kichwani peke yake. Mwaka 1658 Johann Jakob Wepfer, daktari wa mji wa Schaffhausen kule Uswisi, alichapisha kitabu juu ya wagonjwa wa kiharusi ambao aliwapasua baada ya kufa. Akaonyesha kwamba damu inaweza kuvuja ndani ya ubongo, na akaeleza njia ya mishipa inayotoka shingoni kwenda huko.

Zikapita zaidi ya miaka 200. Mwaka 1872, Aristide Verneuil, daktari wa upasuaji wa Ufaransa, alieleza habari ya majeruhi aliyepooza upande wa kulia baada ya kuumia. Alipochunguzwa baada ya kufa, karotidi yake ilikutwa imechanika kwa ndani na damu imeganda. Ilikuwa habari ya mgonjwa mmoja tu, na haikubadilisha kazi ya madaktari wengine. Mwaka 1914 Ramsay Hunt wa New York akawasihi wenzake kwamba mtu akipooza wachunguze pia mishipa ya shingo. Wachache walimsikiliza.

Mnajua moja ya sababu? Hii ilinifanya nisome mara mbili. Huko kwao maiti hutiwa dawa ili isiharibike kabla ya mazishi, na dawa hiyo hupitishwa kwenye mishipa ya shingo. Basi madaktari waliokuwa wanapasua maiti walizoea kuifungua kifua, tumbo na kichwa, shingo wakaiacha ili wasiwaharibie kazi watu wa mazishi. Jibu lilikuwa pale, sentimita chache kutoka kwenye kisu, na kila siku lilikuwa linazikwa.

Aliyeubadilisha mchezo ni Mkanada, Charles Miller Fisher. Huyu alikuwa daktari wa jeshi la majini wakati wa Vita Kuu ya Pili, meli yao ikazamishwa mwaka 1941, akakaa mateka Ujerumani zaidi ya miaka mitatu. Aliporudi alianza kufanya kitu rahisi sana: kuwauliza wagonjwa wa kiharusi nini kiliwatokea KABLA ya kupooza. Mgonjwa mmoja akamwambia kwamba kabla ya siku ile jicho lake moja lilikuwa linaingia giza kwa dakika chache na kurudi, na lilikuwa jicho la upande tofauti na ule uliopooza. Fisher akajiuliza ni kitu gani kinachoweza kugusa jicho la upande mmoja na mkono wa upande mwingine. Ni karotidi. Mgonjwa yule alipofariki, Fisher akaangalia shingo. Mshipa ulikuwa umeziba. Mwaka 1951 akachapisha kazi yake, na madaktari wakaanza kuelewa kwamba kiharusi kinaweza kuanzia chini ya taya.

Hiyo ilikuwa mishipa iliyozibwa na mafuta, ugonjwa wa watu wazima zaidi. Mshipa uliochanika kwa kijana ulikuwa bado kitendawili, na mara nyingi ulijulikana baada ya mtu kufa. Kilichosaidia ni picha. Mreno Egas Moniz alikuwa ameonyesha mwaka 1927 kwamba unaweza kuingiza dawa kwenye ateri na kuipiga picha ya eksirei mtu akiwa hai. Kadiri picha hizo zilivyozoeleka, madaktari wakaanza kuona karotidi inayoshuka ghafla kuwa nyembamba kama uzi. Mwaka 1978 Fisher yule yule, sasa yuko Boston, pamoja na wenzake Ojemann na Roberson, wakaziweka pamoja dalili na picha hizo na kusema: huu ni mchaniko wa ateri ya shingo, na unaweza kuutambua mgonjwa akiwa hai. Ilipokuja MRI miaka ya 1980, damu iliyoingia kwenye ukuta wa mshipa ikaonekana yenyewe, ina umbo la mwezi mwandamo.

Baada ya hapo hesabu zikabadilika. Mwaka 2001 daktari Wouter Schievink aliandika katika New England Journal of Medicine kwamba michaniko hii ni takriban 2% tu ya viharusi vyote vya kuziba mishipa, lakini kwa vijana na watu wa makamo ni kati ya 10% na 25%. Takwimu hizo ni za wenzetu wa Ulaya na Marekani. Kwetu vijana wanapata kiharusi kwa sababu nyingine nyingi pia: presha isiyojulikana, selimundu ambayo Kanda ya Ziwa imejaa, virusi vya UKIMWI, na magonjwa ya moyo yanayoanzia utotoni. Sitaki mtu atoke hapa akidhani kila aliyepooza shingo yake imechanika.

Na mshipa unachanikaje? Mara nyingi hakuna sababu ya wazi. Wengine wana udhaifu wa kuzaliwa kwenye ukuta wa mishipa. Lakini wataalamu wameuhusisha na ajali, kunyongwa, kunyanyua vitu vizito, na shingo kuzungushwa ghafla. Mwaka 1993 daktari Michael Weintraub wa Marekani aliripoti wanawake watano waliopata kiharusi baada ya kulaza shingo kwenye beseni la kuoshea nywele saluni. Mwaka 2014 mcheza kriketi wa Australia, Phillip Hughes, miaka 25, alipigwa na mpira shingoni uwanjani Sydney. Ateri ya nyuma ikachanika, damu ikavuja kwenye ubongo, akafa siku mbili baadaye.

Nikisoma hayo nawaza ukanda wetu wa dhahabu. Nawaza viroba begani. Nawaza kabali za usiku kwenye vichochoro vya machimbo siku ya malipo. Nawaza bodaboda zisizo na kofia, na vinyozi wetu wanaomalizia kunyoa kwa kukupindisha shingo mpaka ilie, nasi tunawaongeza mia tano kwa furaha. Sidai kwamba kila mbeba viroba atapooza. Wengi wanazeeka na shingo zao. Nasema tu kwamba kama kuna mahali daktari anapaswa kuuliza kuhusu shingo, ni huku.

Je, hapa nyumbani tumeshawahi kuhesabu viharusi? Tumehesabu. Kati ya 2003 na 2006 ulifanyika utafiti mkubwa wa kiharusi Tanzania, katika Wilaya ya Hai na jijini Dar es Salaam, ukiongozwa na daktari Richard Walker wa Uingereza akishirikiana na wenzake, akiwemo Profesa William Matuja wa Muhimbili. Ulichapishwa mwaka 2010. Katika miaka mitatu walipata viharusi 636. Walipolinganisha kwa umri, Dar ilikuwa na viharusi karibu 316 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, na Hai karibu 109. Kiwango cha Dar kilikuwa miongoni mwa vikubwa vilivyowahi kuripotiwa.

Lakini kilichonigusa zaidi ni utafiti mwingine uliotoka 2008, wa Gerry Mshana na wenzake, waliowauliza watu wa sehemu hizo hizo mbili kiharusi kinaletwa na nini. Wengi tungetabiri kwamba watu wa kijijini watasema uchawi na watu wa mjini watasema presha. Ikawa kinyume! Dar ndiko walikosema sana majini na uchawi na kuanzia kwa mganga. Hai walitaja presha, vyakula vya mafuta na mawazo, wakaanzia hospitali. Kwa hiyo jamani tuache kuwacheka Wasukuma. Mtu haamini uchawi kwa sababu ni mshamba. Anauamini zaidi pale ambapo hakuna aliyemweleza kitu kingine kinachoeleweka.

Na hapa ndipo napotaka kufika. Kwa kijana aliyechanika mshipa, maelezo yapo. Skani ya kawaida ya kichwa itaonyesha ubongo ulioumia, lakini mshipa wa shingo unahitaji kutafutwa kwa makusudi: skani ya mishipa yenye dawa, MRI, au walau kipimo cha mawimbi ya sauti cha shingo, ingawa hicho hakioni kila kitu. Na hakuna atakayeutafuta kama hakuuliza. Kuuliza ni bure. Shingo iliuma kabla? Kuna mtu aliizungusha? Ulianguka, ulikabwa, ulibeba nini wiki ile? Mganga msaidizi wa zahanati anaweza kuuliza maswali hayo, asiye na mashine hata moja, na akaandika majibu kwenye barua ya rufaa.

Tiba nayo ipo. Wagonjwa wengi mshipa wao hujifunga wenyewe baada ya miezi, na kazi ya dawa ni kuzuia damu isigande tena. Utafiti wa Uingereza na Australia uliotoka 2015, uliohusisha wagonjwa 250, haukuona tofauti kati ya dawa za jamii ya aspirini na zile nzito za kuzuia damu kuganda, na waliopata kiharusi tena walikuwa wachache sana. Utafiti mwingine wa 2021 haukuweza kuthibitisha kwamba aspirini inatosha sawasawa, kwa hiyo uamuzi ni wa daktari. Ila tafadhali, usimpe aspirini nyumbani mtu aliyepooza ghafla. Kuna viharusi vya damu kuvuja, na hapo utammaliza. Mkimbize hospitali.

Zamani ukisema "mkimbize hospitali" kwa mtu wa Geita ilikuwa kama mzaha. Bugando, hospitali ya rufaa iliyofunguliwa Mwanza mwaka 1971, iko ng'ambo ya maji, na gari la wagonjwa lilisubiri kivuko pale Busisi kama magari mengine, ubongo wa mtu unakufa polepole watu wakinunua samaki. Juni 2025 Daraja la Kigongo-Busisi lilifunguliwa. Leo maji si kisingizio tena. Kilichobaki ni kuamua safari ya kwanza ni ya wapi.

Yule kijana hakuwahi kupigwa picha ya shingo. Kwa hiyo mimi siwezi kusema mshipa wake ulichanika, na daktari wa kweli hawezi kusema. Nilipompata aliyekuwa anamfahamu, niliambiwa anatembea kwa kuburuza mguu na anauza vocha. Bibi hajarudi. Shamba lake la mpunga linalimwa na watu wengine wa ukoo, na hilo nalo, ndugu zangu, lifikirieni mtakavyo.

Fisher alimwuliza mgonjwa wake swali moja akapata ugonjwa. Mpiga ramli anaulizwa swali lile lile anatoa jina la mtu. Ukiwa na ndugu aliyepooza angali kijana, kabla hujamtafuta mbaya wake, mwulize kwanza kama shingo ilimuuma.

Ni hayo tu kwa leo. Wauguzi na madaktari mnaosoma hapa, nikosoeni nilipoteleza. Tukutane tena Mungu akipenda.